Kujaza Nafasi

Mji wa Nachingwea ulijengwa na karanga zilizokataa. Mwaka 1947 Waingereza, ambao baada ya vita walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kusini. Matingatinga yakang'oa pori, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda na maji. Reli nayo haikudumu; mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa. Nilipofika mwaka 1988 nilikuta mtaa unaoitwa Stesheni, wenye maduka, mashine ya kusaga na wauza mihogo, ila treni hakuna, na vijana waliozaliwa Stesheni hawajawahi kuiona.

Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiingereza na Kiswahili, mzaliwa wa Muheza. Kupangiwa kusini siku zile kulihesabiwa adhabu. Mama alinifungia unga na dagaa wa kutosha jeshi, maana aliambiwa huko hakuna chakula. Masika yalikuwa yameshakata barabara ya Rufiji, basi nikapanda meli kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, nikatafuta gari la Masasi, kisha lori la Nachingwea lililobeba katoni za sabuni na magunia matupu ya korosho. Chakula kilikuwepo. Kilikuwepo hata nisichokijua: ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa kiangazi, ikachemshwa na kuliwa kwa chumvi. Dagaa wa mama niliwagawa kwa majirani, wakaniona mtu mwema.

Nje kidogo ya mji kuna Farm 17, jina jingine lililoachwa na karanga. Hapo ndipo FRELIMO walipokuwa na kambi yao kubwa tangu katikati ya miaka ya 1960, Samora Machel akiwa mkuu wake, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Wakufunzi wa Kichina walikuja pale kufundisha vita vya msituni. Kwa hiyo mji huu mdogo ulikwisha kusikia Kiingereza cha matingatinga, Kireno cha wapigania uhuru na Kichina cha wakufunzi, vyote juu ya Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua cha majumbani na Kiswahili cha sokoni. Natangulia kulisema hili kwa sababu miaka yangu yote ya kazi nilisikia watu wa makao makuu wakisema watoto wa kusini hawana vichwa vya lugha. Mtoto wa Nachingwea huingia darasa la kwanza akiwa na lugha mbili, na wengine tatu.

Jirani yangu alikuwa fundi baiskeli, mzee aliyekuwa dereva wa tingatinga ujanani, wakati wa karanga. Shule hakuiona kabisa. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba, mwalimu. Wewe ndiye uliyeletwa kufundisha Kimombo?" Nikasema ndiye. Akaniuliza, kwa Kiingereza, asubuhi kabla ya kuwasha injini dereva anakagua nini. Nikababaika. Akanihesabia mwenyewe: mafuta, maji, betri, mkanda wa feni, hewa ya matairi, kwa Kiingereza ambacho nyakati zake zilikuwa zimevurugika lakini hakikuacha kifaa hata kimoja. "Bwana wetu alikuwa Mskoti," akasema, "usipomwelewa, unapindua mashine na unakufa nayo." Kiingereza cha mzee yule kilipimwa kila siku alfajiri, na mtahini alikuwa injini.

Shule niliyopangiwa sitaitaja, kwa sababu wenzangu wengi wa wakati ule wako hai na masikio yao mazuri. Ilikuwa ya bweni, ya mchanganyiko, yenye bwalo la bati na miembe mikubwa ambayo wanafunzi walijisomea chini yake. Sekondari katika wilaya zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Watoto walitoka Naipanga, Lionja, Marambo, Mnero, na wengine Ruangwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Nachingwea. Ilikuja kuwa wilaya yenyewe katikati ya miaka ya 1990. Wote hao walikuwa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kama utaratibu ulivyokuwa tangu 1967, na Kiingereza walikipata kama somo tu, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye alikuwa anakivizia. Kisha wanafika kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka. Jiografia kwa Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza, hata somo la kilimo, kwa watoto waliolima tangu wakiwa na miaka mitano, linakuja kwa Kiingereza.

Kwenye mlango wa ofisi ya walimu palibandikwa karatasi: NO ENGLISH NO SERVICE. Msomaji aliyepita sekondari ya Tanzania ataikumbuka karatasi hiyo, maana imebandikwa shule nyingi na haizeeki. Matokeo yake kwetu yalikuwa kwamba mtoto mwenye homa hakuja kuomba ruhusa ya kwenda zahanati. Alimtuma mwenzake anayejua sentensi. Tulikuwa na vijana wawili watatu ambao kazi yao, bila kuteuliwa na mtu, ilikuwa kuomba ruhusa kwa niaba ya bweni zima. Viranja nao waliandika majina ya wanaozungumza Kiswahili, na Ijumaa waliotajwa walifyeka nyasi. Nyasi za shule ile hazikuwahi kurefuka.

Darasani mambo yalikwenda kwa mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Mwalimu wa biolojia anaingia, anasema sentensi mbili za Kiingereza, anatazama nyuso, anafunga mlango na kufundisha kwa Kiswahili. Darasa linachangamka, maswali yanakuja, vicheko vinasikika. Zikibaki dakika kumi anaandika ubaoni muhtasari kwa Kiingereza, wananakili, kengele inalia. Usiku, kwenye maandalio, chini ya karabai, unawasikia wakimeza muhtasari ule kwa sauti ya chini. Walichokielewa walikielewa kwa lugha moja. Watakachoulizwa kitakuja kwa nyingine.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 shule zikaanza kupata vitabu vya hadithi kutoka mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliogharimiwa na serikali ya Uingereza. Chanzo cha mradi kilikuwa ripoti ya wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, ya mwaka 1984. Walikuwa wamepita mashuleni na kuwapima wanafunzi kuanzia msingi hadi chuo kikuu, wakaona kwamba karibu nusu ya wale wa sekondari waliowapima hawakuwa wanapata cha maana kutoka masomo mengine, kwa kuwa lugha yenyewe ilikuwa haijawafikia. Miaka miwili kabla yao, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilikuwa imeshauri sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikukubali. Na Criper na Dodd, baada ya yote waliyoyaona, nao wakashauri Kiingereza kiendelee, ila kitiwe nguvu. Nimeisoma ripoti ile zaidi ya mara moja, na kila mara namwona mtu aliyechungulia kisima, akakuta kimekauka, akaagiza kamba ndefu zaidi.

Lakini vitabu vilikuwa vizuri, nivipe haki yake. Vilipangwa kwa madaraja ya ugumu, vyembamba, vya picha, na baadhi vilikuwa vya kwetu: Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, vyote vya Richard Mabala. Hawa alipendwa na wasichana mpaka kitabu kikaachana na jalada lake. Ili mwanafunzi apewe kitabu cha daraja lake, ilibidi kwanza apimwe. Kipimo kilikuwa vifungu vifupi vya maneno, vyepesi mwanzoni na vinavyozidi ugumu, na kila baada ya maneno kadhaa neno moja limeondolewa, pamebaki mstari. Jaza nafasi. Neno moja tu kila nafasi. Kipimo cha namna hiyo kinapendwa na wataalamu kwa sababu kinasahihishwa haraka na hakimpi mtu mahali pa kujificha: huwezi kulijua neno lililotoka bila kuyaelewa yaliyobaki.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Mimi niliona mengine. Nilipenda sana namna ile ya kupima, nikaanza kutunga yangu kila mwisho wa mwezi, nakata stenseli kwa taipureta ya shule na kuidurufu mwenyewe mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mara moja nilichukua kifungu kutoka kitabu cha zamani cha Kiingereza kilichokuwa rafuni, habari za mwanamke jikoni kwake. Anajaza sufuria maji, halafu: She put the pot on the, nafasi. Nilitegemea neno la jiko. Wasichana karibu wote waliandika head. Walikuwa sahihi kabisa. Mwanamke wa Nachingwea akishajaza chombo maji, hatua inayofuata ni kujitwika kichwani. Maji yenyewe yako mbali, na kisima hakiko jikoni. Msichana mmoja kutoka kijiji cha upande wa Ruangwa aliandika three stones, akavuka kanuni ya neno moja, na pembeni akaongeza kwa penseli, samahani mwalimu, sijui neno la mafiga. Nilimpa alama. Mwenzangu aliyekuwa mkuu wa idara aliifuta, akasema mwongozo ni mwongozo.

Yule msichana wa mafiga alikuwa ameelewa kila neno lililokuwapo na hata lisilokuwapo. Kipimo kilimhesabu amekosa.

Juu ya majaribio yangu madogo ulikuwapo mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ulioanzishwa mwaka 1984, na mwisho wa safari mtihani wa kidato cha nne. Yote miwili iko chini ya Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973 baada ya nchi kuachana na mitihani ya Cambridge na ile ya Baraza la Afrika Mashariki. Kidato cha pili kilikuwa chujio: ukishindwa unarudia, au unafunga sanduku. Kwa mtoto wa mkulima wa korosho, ambaye ada yake ilitoka kwenye msimu mmoja wa mauzo, kufunga sanduku kulikuwa habari ya ukoo mzima.

Kwa hiyo walimeza. Walimeza barua ya mwaliko wa harusi, barua ya kuomba kazi, barua kwa mhariri, na insha moja au mbili za kila kusudi. Insha iliyotawala bweni la wavulana katika miaka yangu ya kwanza ilikuwa ya ajali ya basi. Ilitungwa na kijana mmoja aliyemaliza kabla sijafika, ikarithishwa: basi limejaa, dereva anakwenda kasi, mama mmoja anapiga kelele, gurudumu linapasuka, msimuliaji anaamkia hospitali akiona sura ya baba yake. Haikuwa insha mbaya. Katika jaribio moja la kanda lililotungwa mbali na sisi, wakaulizwa waandike kuhusu safari ya treni. Basi, katika karatasi nilizosahihisha, abiria wa Stesheni walipanda treni iliyojaa, dereva akaipeleka kasi, mama mmoja akapiga kelele, na gurudumu la treni likapasuka kwa mshindo mkubwa. Treni moja ilisimama Nangurukuru, kwenye kituo cha mabasi, watu wakala chai. Nilicheka peke yangu nyumbani usiku kucha, kisha nikakaa nikitafuta alama za kuwapa. Tahajia safi, nyakati zimekaa, aya zimepangwa. Mwongozo wa kusahihisha ulitoa alama kwa hayo yote. Mtu angeweza kupata wastani mzuri wa Kiingereza bila ya kuwa amesema jambo lolote kwa mtu yeyote.

Mwaka mmoja mgeni alikuja, Mwingereza wa makamo, mshauri wa ufundishaji, na Land Rover yake imejaa vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Sisi tulitayarisha karatasi za majaribio, zimefungwa kwa riboni. Alizitazama kwa adabu, akaomba kiti kiwekwe chini ya mwembe na kingine mbele yake. Akasema angependa kuongea na wanafunzi, mmoja mmoja.

Mkuu wa shule alimpelekea wale wa juu kwanza. Kijana aliyeongoza kidato cha tatu, ambaye angeweza kukuandikia kauli ya kutendwa katika nyakati zote bila kufuta, aliulizwa amefikaje shuleni mwanzo wa muhula. Akasimama wima. "Yes, sir." Akaulizwa kwao ni wapi. "Yes, sir." Mgeni akajaribu polepole, akachora gari hewani kwa mikono. Kijana alitokwa jasho. Hakuwa mjinga na hakuwa mwoga. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali kwa Kiingereza ambalo jibu lake muulizaji hakulijua tayari. Wa pili alijibu kwa insha ya ajali ya basi, kwa kirefu, mpaka akafika hospitali, na mgeni akampa pole kwa kuamini kwamba yamemkuta.

Halafu akaja binti wa kidato cha pili ambaye hakuna aliyemtuma. Alikuwa anapita na ndoo. Alikulia Mnero, karibu na hospitali ya misheni, mama yake akifua nguo za wodi, na tangu mdogo alikuwa akiwatumikia masista wa Kizungu waliozungumza Kiingereza cha Kijerumani. Mgeni alimsalimia kwa mzaha. Binti akatua ndoo, akajibu, akauliza swali lake, akamsahihisha mgeni jina la kijiji alilolitamka vibaya, akamweleza njia fupi ya kwenda Ndanda na daraja lipi limebebwa na mvua. Waliongea mpaka maji yakapata majani juu yake. Walimu tulisimama pembeni tukitazamana. Darasani kwangu binti yule alikuwa wa mwisho mwisho. Aliandika Kiingereza kama alivyokisikia, haspito, dokta, wota, na kila neno la namna hiyo lilikuwa kosa lenye mstari mwekundu wa mkono wangu, kama mwongozo ulivyotaka.

Mgeni alipoondoka aliacha maneno mazuri kwenye kitabu cha wageni. Binti wa Mnero mwaka ule hakuvuka kidato cha pili. Alirudia, akavuka kwa shida, baadaye nikasikia amepata kazi kwenye hospitali moja ya misheni, kwenye dirisha la mapokezi, mahali ambapo wagonjwa wa kila lugha hufika. Kijana wa kauli ya kutendwa alifaulu vizuri sana na kwenda kidato cha tano. Naye alistahili, alifanya yote tuliyomwambia ayafanye.

Novemba ndiyo ilikuwa kilele. Joto la Novemba Nachingwea, kabla mvua haijaamua, halina huruma, na mabibo yaliyooza chini ya mikorosho yanaipa hewa harufu ya pombe. Mitihani ya kidato cha nne ilikuwa imehifadhiwa polisi. Asubuhi inaletwa chini ya ulinzi wa bunduki, bahasha zinaonyeshwa kwa watahiniwa wote waone lakiri haijaguswa, zinakatwa kwa mkasi, saa inaandikwa ubaoni. Msimamizi ametoka shule nyingine, ili asimhurumie mtu. Mara ya kwanza kuona askari akilinda karatasi ya sarufi nilishangaa. Nilizoea. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukizoea kamwe. Mtihani wa historia, wa biolojia, wa jiografia, wa kilimo, yote ilikuja kwa Kiingereza, na katika kila mmoja kulikuwa na watoto niliowafahamu, waliokuwa wakieleza vizuri sana somo lile chini ya mwembe kwa Kiswahili, wakiwa wamekaa mbele ya swali kama hili: Account for. Wanajua sababu zote tano. Hawajui wanachoombwa. Mmoja aliniuliza baadaye, jioni, "Mwalimu, pale walikuwa wanataka hesabu?"

Niliendelea kufundisha huku kusini maisha yangu yote ya kazi, Nachingwea kwanza na baadaye Ruangwa. Mama alisubiri nirudi Muheza, akachoka, akaja yeye kunitembelea, akaipenda ming'oko. Baada ya mwaka 2004 zikaja sekondari za kata, na shule zikaongezeka kuliko walimu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, kama asilimia 60 ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa na sifuri, na kelele zikawa kubwa hata serikali ikaamuru matokeo yapangwe upya. Sisemi lugha peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Kulikuwa na maabara zisizo na maji na madarasa yenye mwalimu mmoja wa masomo matatu. Lakini niliona karatasi za majaribio za watoto wale kabla ya mtihani, na zilizokuwa tupu zilikuwa tupu tangu mstari wa swali.

Wakati nakaribia kustaafu, katika mgahawa mmoja Ruangwa mjini, nilikaa meza moja na kijana wa Kichina, mkalimani wa mafundi wa barabara. Aliagiza ugali na samaki kwa Kiswahili ambacho kingewaaibisha watangazaji wetu wengi. Nikamwuliza alikitoa wapi. Beijing, akasema, chuo kikuu. Kiswahili kinafundishwa huko tangu miaka ya 1960, na redio yao ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1961, sisi wenyewe tukiwa hatujapandisha bendera. Nikamweleza kazi yangu, naye akacheka, akafunguka kuhusu karatasi yake ya Kiingereza katika mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ule unaoitwa gaokao, uliorejeshwa mwaka 1977 baada ya Mapinduzi ya Utamaduni na ambao vijana zaidi ya milioni kumi huufanya kila mwezi wa sita. Katika majimbo mengi jumla ya alama ni 750, na Kiingereza peke yake kina 150, sawa na Kichina na sawa na hisabati. Alikuwa na miaka mingi ya mazoezi ya kujaza nafasi: kifungu kimoja, nafasi 20, majibu manne kila nafasi. Alipata alama za juu sana. Siku alipokutana na Mzungu wa kwanza uwanja wa ndege hakuweza kumwambia choo kiko wapi. Wachina wenyewe wana jina la hali hiyo, akanitajia, Kiingereza cha bubu.

Tulicheka wote wawili, maana yule kijana wangu wa "Yes, sir" angekaa naye dawati moja bila ya shida. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata ule mpango wa vitabu vya madaraja na vipimo vyake, uliokuwa na mizizi Chuo Kikuu cha Edinburgh, ulipelekwa pia kwenye sekondari za Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huenda kuna mwalimu huko aliyesahihisha sufuria kama nilivyosahihisha mimi.

Lakini nilimwuliza swali moja zaidi. Fizikia ulifanya kwa lugha gani? Akanitazama akidhani nimekosea kuuliza. Kichina, akasema. Fizikia, kemia, historia, vyote Kichina. Kiingereza walipimwa kwenye karatasi ya Kiingereza, na mtu akianguka kwenye karatasi ile ameanguka Kiingereza, basi. Ujuzi wake wa mwendo na nguvu na mwanga unabaki wake. Nikanyamaza. Mtoto wa Ruangwa hufanya mtihani wa Kiingereza mara saba, mara nane, kila asubuhi na kila mchana kwa wiki mbili, na ni mmoja tu kati ya hiyo ulioandikwa jina hilo juu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kwa ngazi zote, na walimu wengi tulipiga makofi. Haikutekelezwa kwa sekondari, na toleo la 2023 limekiacha Kiingereza mahali pake. Hoja ya wazazi naijua, kwa sababu ni wazazi wa wanafunzi wangu: dunia inazungumza Kiingereza, usimnyime mwanangu. Hakuna anayetaka kumnyima. Mzee wa tingatinga alikipata bila ya kusomea historia kwa lugha hiyo, na binti wa Mnero alikipata kwenye kamba za kuanikia shuka.

Ninachoomba ni kidogo, na nakiomba kwa wanaotunga mitihani na kwa walimu vijana walioko Nachingwea na Ruangwa hivi sasa. Kiingereza kipimwe kwenye somo la Kiingereza, na humo mtoto asikilizwe akizungumza na mtu mzima anayemjibu, hata kwa dakika tano chini ya mwembe, na dakika hizo zihesabiwe alama. Biolojia ipimwe biolojia. Na anayejibu mafiga apewe alama yake.